Nyonga Yangu na Kitanda Nilichokikataa

Ninaandika haya nikiwa nimesimama. Kuna rafu imetundikwa ukutani sebuleni kwa mdogo wangu, inanifikia kifuani, na karatasi nimeiweka hapo juu. Ningeweza kukaa mezani kama watu wengine, lakini kusimama ni kitu nilichokipigania, na kitu cha kupigania mtu hupenda kukitumia. Wewe unayesoma, hasa kama umri umesogea au una mama au bibi nyumbani, nipe muda wako. Nataka kukueleza jinsi mfupa wa nyonga yangu ulivyovunjika, jinsi nilivyokaribia kuzikwa kwa heshima zote, na jinsi nilivyorudi kwenye miguu yangu.

Jina langu ni Tatu. Hapa mtaani Kikuyu, Dodoma, wananiita Bi Tatu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara ya zamani. Alifika Ugogo na mzigo kichwani, akachoka, akaoa, akabaki. Mimi nadhani ile safari yake iliyokatika njiani ndiyo niliyorithi. Shule niliiacha darasa la tatu. Sikuwa mjinga, ila dirisha la darasa letu lilitazama reli, na kila treni ikipita mimi nilikuwa nauliza inakwenda wapi, mwalimu ananichapa. Nikaona ni afadhali niende mwenyewe nikatazame.

Nimepikia madereva wa malori Manyoni. Nimeuza dagaa Singida na chumvi Kondoa. Nimeolewa, tukaachana kwa amani, mtoto sikujaliwa. Biashara ilipofunguliwa, zama zile za ruksa, nikaingia kwenye mitumba. Nilikuwa nikifungua robota la nguo najiuliza nani alivaa koti hili, na kwao kuna baridi ya namna gani. Ndivyo nilivyo. Nikimkuta mtu anachomelea chuma nasimama kumwuliza moto ule unatoka wapi. Kuna mafundi walikuwa wakiniona kwa mbali wanajificha.

Mdogo wangu Hadija ni kinyume changu. Amezaliwa Kikuyu, ameolewa Kikuyu, amefiwa na mume Kikuyu, na nyumba anayoishi yuko tayari kufia humo. Mama yetu alipozeeka ni Hadija aliyemwuguza. Mama naye alianguka, mguu ukamshinda, akalala ndani mpaka akafariki. Mimi wakati huo nilikuwa Tabora, habari zilinifikia mama amekwisha zikwa. Miaka yote Hadija alikuwa akinisimulia kitu kimoja: "Mama alikuwa anaendelea vizuri, dada. Siku moja akalazimisha kuinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. Baada ya hapo hakuwa mzima tena. Kuinuka ndiko kulikomuua." Niliyakubali maneno hayo kwa sababu yeye alikuwapo na mimi sikuwapo.

Sasa nieleze siku yangu.

Ulikuwa msimu wa kuvuna zabibu. Nilikwenda Makutupora kufanya kibarua, si kwa shida kubwa, bali kwa sababu nilisikia kuna aina mpya ya mizabibu imepandwa na nilitaka kuionja. Nilikuwa natembea njia tambarare kabisa, mchana kweupe, nimebeba beseni nusu. Mpira wa kumwagilia ulikuwa umelala njiani. Ncha ya kandambili yangu ikaingia chini yake, nikaanguka ubavu. Mimi niliyewahi kuanguka kutoka juu ya lori la mahindi nikajipangusa na kupanda tena, safari hii nimeanguka kutoka kimo changu mwenyewe. Nilisikia sauti ndani ya mwili, kama kijiti kikavu kimevunjwa ndani ya kitambaa.

Wenzangu walicheka kwanza, maana walinizoea.

"Inuka Bi Tatu, zabibu hazijawahi kumlevya mtu kabla hazijawa mvinyo!"

Nilijaribu kuinuka, mguu wa kulia haukunisikia. Maumivu yalitoka kwenye kinena yakashuka mpaka gotini. Nikautazama. Ulikuwa umelala ovyo, unyayo umegeukia nje kama mlango uliong'oka bawaba. Msimamizi akaja, akasema, "Umeteguka tu bibi, utakandwa upone." Waliponinyanyua kuniweka kwenye pikapu nilipiga kelele nikajikojolea mbele ya watu. Naandika hili ili mwenzangu likikupata usione haya. Mfupa ukivunjika, mwili haukuombi ruhusa.

Hadija alinipokea kwa kilio, kisha akafanya alichokijua. Akaita mama mmoja mkandaji, mtu mwema, ambaye ameunga mikono na miundi ya watoto wengi pale mtaani. Akachemsha maji ya chumvi, akapaka mafuta ya nyonyo, akaanza kunikanda nyongani. Nilishika chaga za kitanda nikatafuna kanga yangu mpaka ikatoboka. Alikuja tena na tena, na kila alipokuja paja lilizidi kuvimba na kuwa jeusi. Mwisho nikamwambia, "Mama, hebu tazama visigino vyangu. Kwa nini mguu mmoja umekuwa mfupi?" Akaviweka pamoja, akavitazama. Akafuta mikono yake.

"Huu hauwezekani kwangu," akamwambia Hadija. "Mpelekeni hospitali. Wala msinilipe."

Hospitali walinipiga picha ya eksirei. Daktari, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, akaishika picha kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwomba anionyeshe. Akanieleza kwamba mfupa wa paja huko juu una kichwa cha mviringo kama limau, kimekaa ndani ya kikombe cha nyonga, na kinashikwa na shingo nyembamba. Shingo hiyo yangu imekatika.

"Itaunga lini?" nikauliza.

"Mahali hapo haiungi kwa urahisi, bibi. Damu inayolisha kile kichwa imekatika pamoja na mfupa."

"Damu yenyewe inapitia wapi?"

Akanitazama. "Bibi, umekuja kutibiwa au kunisaili?"

"Vyote, mwanangu. Mguu ni wangu."

Akacheka, akavuta kiti. Akasema njia ziko mbili. Ya kwanza ni kulala wodini mguu ukivutwa kwa uzito, majuma mengi, na hata hivyo huenda nisitembee. Ya pili ni upasuaji: kukitoa kile kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma. Pale kwao hakukuwa na vifaa hivyo. Kulikuwa na hospitali moja ya misheni, safari ya siku nzima, ambako daktari wa mifupa alifika kwa vipindi. Ilibidi tuulizie atafika lini, na wakati tunaulizia mguu wangu ukafungwa kamba iliyopita juu ya kigurudumu, mwisho wake mfuko wa mchanga ukaning'inia.

Kwenye kitanda jirani na changu alilala mama mmoja Mgogo kutoka Chamwino, mtu mzima kama mimi, naye ni nyonga. Alikuwa pale muda mrefu kabla yangu. Binti yake alimtunza sana: alimwosha, alimlisha uji wa uwele kwa kijiko, alimpepea nzi. Mtu akija kumtazama, yule binti alisema kwa fahari, "Mama hajatikisika hata kidogo." Kisha mama yule akaanza kukohoa. Akawa anapumua kama anavuta hewa kupitia kitambaa. Asubuhi moja wakamfunika.

Daktari alipopita nikamwuliza, "Jirani yangu amekufa na nini?"

"Kifua, bibi. Homa ya mapafu."

"Alivunjika nyonga. Nyonga imeingiaje kifuani?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akaniambia mzee akilala chali siku nyingi mapafu hayafunguki vizuri, makohozi yanakaa humo humo. Damu ya miguuni nayo hulala na kuganda. Ngozi ya makalio na visigino inaoza. Misuli inayeyuka. "Nyonga yenyewe haiui, bibi," akasema. "Kinachoua ni kitanda."

Maneno hayo yaliniingia kama maji baridi, kwa sababu hapo hapo nilimkumbuka mama. Nilimwona Hadija mlangoni anakuja na chupa ya chai, uso umechoka kwa kuniuguza, na nikajua kwamba siwezi kumwambia. Ningemwambiaje? Kumwambia kitanda ndicho kilichomuua mama ni sawa na kumwambia wewe ndiwe uliyemuua. Nikanyamaza. Mimi, niliyewasumbua mafundi wa nchi nzima kwa maswali, nikanyamaza.

Habari ikaja kwamba daktari wa mifupa yupo. Hadija hakutaka.

"Mtu wa umri wako kupasuliwa, dada? Kuna nini? Kaa nyumbani, mimi nipo, wanangu wapo. Utalala, utakula, utaswali kwa ishara. Si umezunguka vya kutosha?"

"Sijafika Kigoma."

"Kigoma kuna nini?"

"Ndiyo nataka kujua."

Alikasirika, lakini aliwaleta wanawe wawili wakanitolea damu, na yeye mwenyewe akapanda nami gari, amekipakata kichwa changu njia nzima. Mtu akikuambia mdogo wangu alinipinga, mwambie pia hilo.

Upasuaji sikuuona lakini niliusikia. Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa si wangu. Wakatundika kitambaa cha kijani mbele ya uso. Nilisikia msumeno, kisha nyundo, kama karakana ya seremala kabisa. Nikauliza chuma kinakaaje bila kuota kutu. Yule daktari wa mifupa akajibu toka upande wa pili, bila kuacha kugonga, kwamba ni chuma cha namna yake na kitanizidi umri. Jibu hilo lilinipendeza nikasinzia.

Kesho yake asubuhi akaja mtaalamu wa viungo, mtu wa mazoezi, anaitwa Bwana Pazi. Mfupi, kifua kipana, ana kifaa cha chuma chenye miguu minne cha kumshikiza mgonjwa. Akasoma jina langu, akauliza kwetu. Nikamwambia asili yangu ni Unyamwezi.

"Ala!" akasema. "Na mimi Mzaramo. Leo nimepata mtani wa kumtesa kihalali. Haya, simama."

"Leo?" Hadija akaruka. "Jana kapasuliwa!"

"Leo, mama. Daktari ameagiza."

"Leo amechoka. Njoo kesho."

Kesho yake alipokuja Hadija alikuwa amenifunika mpaka kidevuni. "Amelala," akanong'ona. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilimtazama Pazi, naye akanitazama, akaondoka. Siku iliyofuata kulikuwa na wageni, watu wa ukoo walioishi karibu na pale, na Hadija akasema haifai mtu mzima kuvutwavutwa mbele ya wageni wake. Wodi nzima ilikuwa hivyo. Nilianza kugundua kwamba kila kikongwe mle alikuwa na mlinzi wake aliyempenda, na kila mlinzi alikuwa na sababu. Pazi alikuwa akipita na kile chuma chake kitanda hadi kitanda kama mchuuzi wa bidhaa isiyotakiwa.

Nami sikujisaidia. Kwanza niliogopa maumivu. Pili, kila Hadija aliponivutia shuka nilimwona anamfunika mama, na ulimi ukawa mzito. Kisigino changu cha kulia kikaanza kuwa chekundu, kisha kikatoa lengelenge. Halafu nikaanza kikohozi. Kidogo tu, kikavu. Hadija akasema ni vumbi. Mimi nilikijua kile kikohozi. Nilikuwa nimekisikiliza kwenye kitanda cha jirani.

Hapo ndipo mtani alipofanya kazi yake.

Msomaji, kama kwenu utani umepungua, nikukumbushe. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuambia neno ambalo ndugu yako hawezi. Na msibani mtani ndiye mwenye shughuli: anapima kaburi, anamwiga marehemu, anadai chake, na wafiwa hawana haki ya kukasirika.

Bwana Pazi aliingia mchana, wakati wa wageni, wodi imejaa. Hakuja na chuma chake. Alikuja na bandeji ndefu. Bila salamu akaishika ncha moja kwenye utosi wangu, akaivuta mpaka kisiginoni. Akafunga fundo. Akanipima na mabega.

"Mwembamba," akasema kwa sauti ya wodi nzima. "Udongo wa hapa mgumu, lakini kwa huyu tutachimba jembamba."

Watu wakaanza kucheka. Hadija akasimama. "Unafanya nini?"

"Napima kaburi, mama. Mimi mtani wake, nani mwingine atapima? Kazi ya kumwinua nimenyimwa, basi nipewe ya kumzika. Nayo mnipe jogoo wangu mapema, maana msibani Wanyamwezi hujificha." Akanigeukia. "Na wewe! Babu yako alibeba pembe ya ndovu kutoka Unyanyembe mpaka baharini kwetu, wewe chuma kidogo cha daktari kinakushinda kubeba! Angekuona angekuuza."

"Babu yako ndiye aliyemlangua pembe yenyewe," nikasema, nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, kinachotoka chini.

Pazi naye aliacha mzaha. Akamtazama Hadija, akasema taratibu, "Umesikia? Hicho kikohozi ndicho kinachochimba. Mimi napima tu. Anayemlaza ndiye anayenipa kazi."

Hadija alinyoosha mkono kama anataka kumpiga. Kisha mkono ukashuka. Akatazama ile bandeji yenye fundo iliyolala juu yangu tokea kichwani mpaka miguuni. Akajitanda kanga yake akatoka. Pazi akaikunja bandeji. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama yetu alifia kitandani. Yeye ndiye aliyemwuguza." Uso wake ukabadilika. "Sikujua, bibi," akasema. "Wallahi sikujua."

Hadija hakurudi siku ile. Wauguzaji wenzake walisema yuko kule jikoni tunakopikia, amekaa mbele ya mafiga, hapiki. Asubuhi akaja. Macho yamevimba. Aliketi juu ya kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kuogopa kunitikisa.

"Mama alikuwa ananishika mkono kila asubuhi," akasema. "Anasema, Hadija niinue. Mimi namwambia tulia mama, utajiumiza. Alikuwa anakohoa hivyo hivyo. Siku ile aliyokaa ukingoni mwa kitanda alikuwa tayari anaumwa, dada. Alikuwa anatafuta pumzi."

Nikamshika mkono.

"Nilimlaza vizuri," akasema. "Hakuna mtu mtaa mzima aliyemlaza mama yake vizuri kama mimi."

"Najua."

"Wewe ulijua? Daktari alikuambia?"

"Aliniambia habari za jirani yangu. Ya mama nikayafikiri mwenyewe."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje, Hadija? Ulifanya kama ulivyofundishwa. Hakuna mtu aliyekuambia vingine. Alikuja mganga, alikuja mwuguzi, wakaja ndugu, nani alikuambia?"

Akatikisa kichwa. Hakuna. Akafuta pua kwa ncha ya kanga. Halafu akafunua shuka langu, lote, akaliweka pembeni.

"Yuko wapi yule Mzaramo mshenzi?" akauliza.

Pazi alikuja na chuma chake, akamwamkia Hadija kwa adabu kama mtu aliyekuja kuposa. Akamwonyesha mahali pa kunishika, chini ya kwapa na kiunoni. Nilitanguliza mguu mzima. Nilipoukanyaga ule wa chuma jasho lilinitoka mgongo mzima, wodi ikazunguka, nikatapika uji kwenye kanga ya Hadija. "Tapika," akasema, "kanga itafuliwa." Nikasimama. Magoti yalitetemeka kama ya ndama. Lakini kifuani hewa iliingia mpaka mahali ambapo haikufika tangu Makutupora.

"Sasa rudi ukae," Pazi akasema.

"Kwanza niambie kwa nini natanguliza huu na si ule."

"Hadija," akasema, "huyu amepona. Ila masikio yangu ndiyo yatakufa."

Tangu siku ile mdogo wangu aligeuka msimamizi. Nikisema nimechoka alikuwa akinijibu, "Umechoka nini, umebeba pembe?" Kikohozi kikaisha. Lengelenge la kisigino likakauka. Nikatoka kwenye kile chuma cha miguu minne nikaingia kwenye magongo, nikatoka kwenye magongo nikashika fimbo moja. Kule wodini wauguzaji wengine walimwona Hadija ananitembeza kwenye varanda, wakaanza kumwuliza. Aliwajibu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanamke mmoja, "Usimhurumie mama yako kama nilivyomhurumia wangu." Ilimgharimu kusema hivyo.

Nyumbani tulibadilisha vitu. Nilikatazwa kukaa chini sana na kukunja nne, chuma kisije kikachomoka. Basi seremala wa mtaani akatengeneza stuli yenye tundu ya kuweka juu ya choo cha shimo. Naswali kwenye kiti. Mbuzi ya kukunia nazi tumeifunga juu ya benchi. Mikeka inayoteleza tumeitoa, na kandambili zilizochakaa Hadija alizichoma moto zote, zangu na za majirani waliozembea mlangoni.

Nilipopata nguvu nikarudia tabia yangu ya kutembea. Safari hii nilikuwa na swali moja. Kila nilipofika, Manyoni, Kondoa, vijijini Chamwino, niliingia zahanati, nikasalimia, nikauliza: "Mzee akianguka hapa leo nyonga ikavunjika, mtafanya nini?" Mmoja alinijibu atampa dawa ya maumivu na kumsubirisha. Mwingine alisema wazee hawavunjiki, wanateguka. Mmoja alisema atamwandikia barua aende hospitali, lakini hospitali ipi hakujua. Na mmoja, dada mnene mcheshi, alinijibu sawasawa: atatazama kama mguu umefupika na unyayo umegeuka, atampa dawa ya kutuliza, atamfunga mguu na mwenzake usicheze, na atatafuta gari siku hiyo hiyo. Nikamwuliza alijifunzia wapi. Akasema bibi yake alikufa hivyo.

Jibu hilo liliniuma. Haifai kila mwuguzi asubiri bibi yake afe ndipo ajue. Mimi sikusoma, lakini nimeiona nchi hii kwa miguu, wa nyama na wa chuma, na nawaambia wenye dhamana kwamba hili linawezekana. Siku hizi tunaambiwa tuchangie huduma. Sawa, tuchangie, lakini tupate huduma yenyewe. Zahanati zote zijue alama za nyonga iliyovunjika. Njia ya kumfikisha mzee kwa mpasuaji ijulikane kabla mzee hajaanguka. Upasuaji usingoje mpaka kitanda kimle. Akina Pazi wawe wengi, kila wodi. Na wale wanaokaa kitandani na mgonjwa, dada, binti, mkamwana, wafundishwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu wao ndio hospitali yenyewe wakati daktari amekwenda kula. Usipomwambia Hadija la kufanya, Hadija atafanya analolijua, na atalifanya kwa mapenzi yake yote.

Juzi tulikwenda naye Chamwino kwenye arusi. Mtu akatuambia nyumba ya tatu kuna bibi amelala ndani, amepasuliwa nyonga, amerudishwa. Sikuwahi hata kufunga mkoba wangu. Hadija alikuwa amekwisha fika mlangoni anapiga hodi. Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti karibu na binti wa yule bibi, amemshika bega. "Mwanangu," alikuwa anasema, "nina habari mbaya ya mama yangu na habari nzuri ya mama yako. Nianze na ipi?" Arusi hatukuiona. Tuliondoka pale bibi amekaa kitini uani, analalamika kwamba jua ni kali na uji hauna sukari.

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi. Nawashukuru madaktari walionijibu maswali, watoto wa mdogo wangu walionipa damu, na mtani wangu Pazi, ambaye bado ananidai jogoo na hatampata. Hadija simshukuru kwa maandishi, yupo hapa nyuma yangu ananiuliza nitasimama hapo mpaka lini.

Nawe mzee mwenzangu, ukianguka na mguu ukafupika, usikubali kukandwa. Omba upelekwe hospitali. Ukishatibiwa, sema unataka kusimama, na useme kwa sauti. Wanaokupenda watakukatalia. Wasamehe, kisha sema tena.